Njia tano za kupata vikundi vya kijamii mjini: ipi inakufaa?

Mjini hakuna uhaba wa vikundi. Kuna wanaofundisha watoto kusoma jioni, wanaopanda miti kandokando ya mto, wanaowatembelea wazee wanaoishi peke yao, wanaofuatilia bajeti ya mtaa, wanaokimbia pamoja asubuhi. Lakini mtu aliyehamia juzi, au aliyekaa miaka mingi akijua njia ya kazini na ya nyumbani tu, hajui aanzie wapi. Huyu anamwambia atafute mtandaoni, yule anamwambia aende ofisi ya mtaa, wa tatu anamwambia aulize majirani.

Wote wamemshauri vizuri, ila kila ushauri utamfikisha kwa watu tofauti. Kila njia ya kutafuta huonyesha vikundi vya aina fulani na kuficha vingine, na ndiyo maana mtu anaweza kutafuta miezi mizima kwa njia moja akaamini kwamba mji wake hauna anachokihitaji, kumbe kinafanyika chumba cha pili kutoka anapopita kila siku. Hapa nazipanga njia tano kwa vigezo vilevile, ili uchague ya kuanzia.

Kabla ya kulinganisha

Jiulize kwanza unatafuta nini hasa. Wapo wanaotafuta wenzao: watu wa kuzungumza nao, kucheza nao, kulea pamoja. Wapo wanaotaka kutoa msaada. Na wapo wanaotaka jambo libadilike: mtaro uzibuliwe, barabara iwekwe alama ya kivuko, shule ipate vyoo. Makundi haya matatu huingiliana, lakini hayapatikani kwa urahisi uleule mahali pamoja.

Vigezo ninavyotumia ni hivi:

- Kasi: inachukua muda gani kutoka unapoanza kutafuta hadi siku unayofanya kitu pamoja na wenzako.
- Upana: njia hii inakuonyesha vikundi gani, na vipi huvioni.
- Uhakika: utajuaje kwamba kikundi ni cha kweli, michango inakwenda inakosemwa, na wewe na wanao mko salama.
- Mzigo: unadaiwa muda, pesa au makaratasi kiasi gani, na kujitoa kukoje.
- Inamfaa nani.

Idadi ya wanachama sikuiweka makusudi. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024, na bado kazi yote ikawa inafanywa na watano.

1. Mtandaoni

*Kasi.* Kujiunga ni dakika, kukutana ni habari nyingine. Jioni moja inatosha kuingia makundi matatu ya WhatsApp na mawili ya Facebook, kisha ukapita mwezi ukisoma salamu za asubuhi. Majukwaa yaliyojengwa kwa ajili ya mikutano huharakisha zaidi. Meetup, iliyoanzishwa New York mwaka 2002, ilikusudiwa tangu mwanzo kuwatoa watu mtandaoni wakakutane ana kwa ana, kwa hiyo kila tangazo lake lina siku, saa na mahali.

Matokeo hutegemea sana maneno unayoandika. Ukiandika "kujitolea" na jina la mji utaletewa mashirika makubwa yenye tovuti nzuri. Andika jina la mtaa wako au la mto ulio karibu, uongeze neno la kitu chenyewe: taka, miti, wazazi, baiskeli, walemavu, mafuriko. Vikundi vidogo hujitangaza kwa jina la mahali vilipo, mara chache sana kwa lugha ya miradi.

*Upana.* Unaona vikundi vya vijana, vya watu wenye simu nzuri, na vile ambavyo vina angalau mtu mmoja anayependa kupiga picha na kuandika. Huvioni vikundi vya wazee, vya kina mama wanaokutana nyumbani kwa zamu, wala vile ambavyo havijawahi kuhitaji kujitangaza kwa kuwa kila mwanachama aliletwa na mwenzake. Tena mitandao hukuletea yanayofanana na uliyokwisha kuyatazama. Anayefuatilia mpira ataletewa vikundi vya mpira hata kama moyo wake uko kwenye kufundisha.

*Uhakika.* Hapa ndipo pa kutulia. Kabla ya kuandika chochote kwenye kundi, rudi nyuma usome miezi miwili au mitatu. Tafuta mahali ambapo mgeni aliuliza swali: nani alimjibu, na alichukua muda gani? Tafuta tangazo la shughuli iliyopita, kisha uangalie kama baada ya tarehe hiyo kuna picha, shukrani, au walau lawama kuhusu mvua. Tangazo lisilofuatiwa na lolote, mara tatu mfululizo, linaonyesha kundi lililobaki jina. Michango nayo itazame inapoelekezwa: akaunti au namba ya kikundi yenye zaidi ya msimamizi mmoja si sawa na namba ya simu ya mtu mmoja. Usitume pesa kabla hujakaa na watu hao uso kwa uso. Kumbuka pia kwamba ukiingia kundi la WhatsApp, wanachama wenzako wanaweza kuiona namba yako.

*Mzigo.* Ni mwepesi mno. Kuingia hakugharimu kitu, kutoka hakugharimu kitu, na wengine wote wako hivyohivyo, ndiyo maana ahadi za mtandaoni hazishiki sana.

*Inamfaa* mgeni asiyemjua mtu, mwenye aibu anayetaka kusoma mazingira kwanza, na mwenye jambo adimu (ugonjwa usio wa kawaida, lugha ya mbali, mchezo usiojulikana) ambaye wenzake wametawanyika mji mzima.

2. Ubao wa matangazo, maktaba, kumbi na ofisi za mtaa

*Kasi.* Ya wastani. Hesabu siku chache za kutembea na kuuliza, kisha usubiri siku ya mkutano unaofuata.

*Upana.* Njia hii hufichua vikundi vyenye mazoea: vinavyokutana mahali palepale, siku ileile, mwaka hadi mwaka. Ubao wenyewe una mengi ukiutazama kwa makini. Karatasi iliyopauka kwa jua na tarehe ya mwaka jana, achana nayo. Karatasi mpya iliyobandikwa juu ya alama za gundi ya karatasi nyingine za ukubwa uleule inaonyesha kikundi kinachorudi kila mara. Na pale tangazo linapokuwa na vijikaratasi vya namba ya simu chini, hesabu vilivyokwisha kunyofolewa, uone kama watu wa mtaa wanavutiwa.

Hata hivyo, mtu wa kumtafuta zaidi ya ubao ni mtunza ukumbi au mkutubi. Yeye ndiye anayeshika daftari la nafasi za vyumba. Usimwulize "kuna vikundi gani hapa?" kwa sababu atataja vile vikubwa. Mwulize: "Ni nani hutumia chumba hiki kila wiki?" Nakuhakikishia jibu litakuwa na vikundi ambavyo usingevipata mtandaoni: darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, kwaya, kikao cha walioacha pombe, wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Kwa wanaotaka jambo libadilike, mikutano ya hadhara ya mtaa na ya bajeti ina thamani ya pekee. Katika mji wa Porto Alegre nchini Brazil, tangu mwaka 1989 wakazi walianza kushiriki kuamua sehemu ya matumizi ya jiji lao, na mfano huo umeigwa na miji mingi duniani. Hata pale ambapo mkutano wa mtaa ni wa kusikiliza tu, kaa uone nani anasimama kuzungumzia jambo linalokuuma. Mtu aliyekuja na takwimu zake na majina ya barabara hayuko peke yake, nyuma yake kuna kikundi. Msubiri nje.

*Uhakika.* Ni mzuri, ila usichanganye usajili na uhai. Orodha ya ofisini inathibitisha kwamba kikundi kilijaza fomu na kina viongozi waliotajwa. Haithibitishi kwamba kilikutana mwaka huu.

*Mzigo.* Kikwazo kikubwa ni saa. Ofisi nyingi hufunguliwa wakati wewe uko kazini. Maktaba na kumbi zinazofunguliwa jioni au Jumamosi huokoa hali.

*Inamfaa* aliye na muda mchana, mstaafu, mzazi aliye nyumbani na mtoto mchanga, na yeyote ambaye jambo lake linahusu mtaa wake hasa kuliko mji wote.

3. Kupitia watu

*Kasi.* Inaweza kuwa leo jioni, inaweza kuwa mwaka ujao. Inategemea umemwuliza nani.

Wengi huwauliza rafiki zao wa karibu, na hao ndio wenye uwezekano mdogo wa kuwa na jipya, kwa kuwa wanajua yaleyale unayoyajua. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza jambo hili vizuri: habari mpya, zikiwemo za kazi, mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao juujuu, kwa sababu wao wanaishi katika mizunguko tofauti na yetu. Basi waulize hao. Kinyozi au msusi, mwalimu wa mtoto wako, muuguzi wa zahanati, mlinzi wa jengo, mwenye duka la vitabu. Watu hawa husikiliza habari za nyumba nyingi kwa siku. Nyumba za ibada nazo ni hazina, hata kwa asiye mwumini wa hapo, kwani nyingi huendesha huduma za chakula, ziara za wagonjwa na masomo ya ziada zilizo wazi kwa wote.

*Upana.* Ndiyo njia pekee inayofikia vikundi visivyo na jina: majirani wanaopokezana kumpeleka mzee hospitali, wanaochanga pakitokea msiba, wanaolinda mtaa usiku. Upungufu wake ni kwamba inakuvuta kwa watu wanaofanana na wanaokuzunguka. Kama mzunguko wako wote ni wa kabila moja, dini moja au ofisi moja, vikundi utakavyoletewa vitakuwa vivyo hivyo.

*Uhakika.* Wa juu kuliko njia zote, kwa kuwa unamjua anayekudhamini, naye anaweka jina lake rehani.

*Mzigo.* Ni mzito, na watu hawausemi. Ukiletwa na shangazi ya rafiki yako, kutoka si jambo la kubonyeza kitufe. Utaulizwa ulikuwa wapi, na utapewa kazi kabla hujazoea. Wengine huupenda ukaribu huu, na ndio uliowatoa upweke. Wengine unawabana. Mwambie anayekupeleka mapema: "Nakuja kuona mara mbili tatu, kisha nitaamua." Sentensi hiyo huzuia manung'uniko mengi.

*Inamfaa* anayetafuta wenzake kuliko shughuli, anayepanga kukaa mtaani kwa muda mrefu, na mwenye wasiwasi wa usalama.

4. Mashirika makubwa yenye matawi

Hapa nazungumzia majina kama Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, vuguvugu lililoanzia Geneva mwaka 1863 na sasa lina vyama vya kitaifa katika nchi zaidi ya 190. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905. Lions, mwaka 1917. Na Skauti, iliyoanzia Uingereza mwaka 1907.

*Kasi.* Ndogo. Kuna fomu, wadhamini, mahojiano, wakati mwingine kusubiri darasa la mafunzo lijae. Ikiwa kazi inahusu watoto au wagonjwa, tegemea kuulizwa cheti cha kuthibitisha huna rekodi ya uhalifu. Usikasirike. Shirika lisilouliza chochote kabla ya kumkabidhi mgeni watoto ndilo la kuogopwa.

*Upana.* Mwembamba lakini wa kina. Utapata kazi zilizopangwa, zenye msimamizi na vifaa: huduma ya kwanza, uchangiaji damu, maafa, malezi ya vijana. Hutapata kero ya mtaro wa barabara yenu.

*Uhakika.* Una taarifa za mwaka, hesabu zilizokaguliwa, ofisi yenye mlango. Lakini pima tawi, si nembo. Tawi la shirika maarufu linaweza kuwa limelala, na la shirika dogo likawa linafanya kazi kila wiki. Omba kuhudhuria shughuli moja kabla ya kutia saini.

*Mzigo.* Unatofautiana sana. Vilabu vya aina ya Rotary na Lions hulipiwa ada ya uanachama na kwa kawaida mtu huingia kwa mwaliko. Msalaba Mwekundu hutaka zaidi muda wako na nidhamu yako. Uzuri wake ni kwamba ukihamia mji mwingine, mafunzo uliyopata na uzoefu wako unahama navyo.

*Inamfaa* mwenye taaluma anayetaka itumike sawasawa, kijana anayehitaji cheti na uzoefu, na mtu ambaye kazi yake humhamisha mji hadi mji.

5. Shughuli za wazi za siku moja

*Kasi.* Hakuna inayoishinda. Unatokea, unafanya kazi, umekutana na watu. Mfano mzuri ni parkrun, mbio za kilomita 5 za Jumamosi asubuhi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea bila kiingilio. Zilianza Bushy Park, London, tarehe 2 Oktoba 2004 zikiwa na wakimbiaji 13, na leo zinafanyika katika nchi kadhaa. Mwingine ni usafi wa pamoja: tarehe 3 Mei 2008 watu wapatao 50,000 nchini Estonia walisafisha taka zilizotupwa ovyo nchi nzima kwa siku moja, na kutokana na vuguvugu hilo ikazaliwa mwaka 2018 Siku ya Usafi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa sasa umeipangia tarehe 20 Septemba. Zipo pia siku za kutengeneza vifaa vilivyoharibika, mtindo ulioanzia Amsterdam mwaka 2009, na Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14.

*Upana.* Mkubwa kwa watu, mdogo kwa mambo. Utakutana na umri wote na kazi zote, lakini masuala magumu kama vile nyumba, ajira na ukatili majumbani hayafanyiwi kazi kwa glavu na mifuko asubuhi moja.

*Uhakika.* Unajionea mwenyewe. Na kuna namna ya kukitambua kikundi halisi ndani ya umati: usiondoke na wengine. Picha ya pamoja ikishapigwa watu hutawanyika, wakabaki wachache wanaohesabu reki, kukunja turubai, kupima mifuko na kuandika kwenye daftari. Hao ndio kikundi. Shika upande mmoja wa turubai, uulize mkutano unaofuata ni lini.

*Mzigo.* Hakuna deni lolote. Ni saa mbili tatu za siku moja, na mwisho wa siku hudaiwi na mtu.

*Inamfaa* mwenye ratiba isiyotabirika, familia inayotaka kwenda na watoto, na asiyezungumza vizuri lugha ya mji. Kwenye kazi ya mikono, lugha hufuata baadaye.

Uchague kwa hali yako

*Umehamia karibuni na humjui mtu.* Anza na shughuli ya siku moja upate nyuso, tumia mtandao kujua tarehe, kisha wiki zinazofuata waulize uliokutana nao. Ukianza na mtandao peke yake, unaweza kubaki msomaji.

*Unafanya kazi za zamu.* Achana na vikundi vya mkutano wa kila Jumanne. Tafuta shirika lenye jedwali la zamu, au kikundi cha mtandaoni chenye kazi za kufanyia nyumbani: kutafsiri, kutunza hesabu, kupiga simu kwa wazee.

*Una mtoto mdogo.* Maktaba na shule kwanza. Kwa kundi lolote litakalobaki na mtoto bila wewe, kigezo cha uhakika kiwe juu ya vyote, hata kama ni kanisani au msikitini kwenu.

*Una jambo moja linalokuuma kuhusu mtaa wako.* Nenda mkutano wa hadhara kabla ya kuanzisha kundi jipya. Mara nyingi yupo aliyekwisha kuandika barua ya kwanza na anamtafuta mtu wa kuandika ya pili.

*Una ujuzi unaotafutwa,* uhasibu au uuguzi kwa mfano. Shirika kubwa litakutumia vizuri, lakini kikundi kidogo kilichopatikana kupitia mtunza ukumbi kinaweza kukuhitaji zaidi. Kama unataka mfumo na bima, chagua la kwanza. Kama unaweza kuvumilia daftari lisilo na mpangilio, chagua cha pili.

*Una ulemavu au afya inayokubana.* Piga simu kabla ya kwenda, uulize mambo mahususi: ngazi ni ngapi, choo kiko wapi, mkutano huchukua muda gani, mnapumzika? Maktaba na kumbi za umma hujibu maswali haya haraka kuliko kikundi kinachokutana nyumbani kwa mtu, na jibu la kikundi lenyewe litakuonyesha kama wamewahi kulifikiria.

*Umewahi kujaribu ukakata tamaa.* Usitafute tu kikundi kingine kwa njia ileile. Kama cha kwanza ulikipata mtandaoni na kikawa maneno matupu, safari hii nenda ukumbini. Kama uliletwa na ndugu ukaelemewa, nenda mahali usipojulikana, siku moja ya wazi, uone kwanza kama kazi yenyewe unaipenda.